"WEKA NA YA KUTOLEA": TAWI HALISUSII DUKA LA MTU

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA, WAPENZI WA CHAMA NA WAKAZI WOTE WA MTAA*

 

Tangu Jumatatu kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu ya mtaa. Wengi mmeshausikia. Dada mmoja anaeleza jinsi bibi yetu wa kule bondeni alivyokwenda dukani na simu yake ya batani, akachukua sembe, mafuta ya kupima, sabuni ya mche na nusu kilo ya sukari. Jumla 8,500. Mjukuu alikuwa amemtumia pesa asubuhi, na kwenye simu zilikuwa zimebaki 8,700. Bibi akasema nalipa kwa simu. Akajibiwa: "Sawa bibi, ila weka na ya kutolea." Ya kutolea hakuwa nayo. Akarudisha sukari.

Ujumbe unamalizia kwa kututaka tususie kila duka linalosema "weka na ya kutolea". Tayari inasambazwa orodha ya maduka matano, na juu yake limebandikwa jina la chama chetu. Orodha hiyo haikutoka tawini. Hakuna kikao kilichoipitisha. Aliyeitengeneza ni mwanachama mwenzetu, tumezungumza naye, na uchungu wake ni wa kweli. Lakini tunatamka wazi: tawi halisusii hata duka moja kati ya hayo matano. Sababu tunazitoa hapa kwa urefu, kwa sababu jambo hili haliishi kwa kutuma picha ya ngumi kwenye grupu.

(Kuhusu bibi: sukari yake ameshapelekewa. Tafadhali msianzishe mchango mwingine, yeye mwenyewe amesema hataki.)

Jumanne jioni mimi na wajumbe wawili wa kamati tulikwenda kwa huyo kaka mwenye duka. Tulimkuta anafunga hesabu. Hakutufukuza, alitufungulia daftari. Siku ile alikuwa ameuza kama shilingi 210,000. Kati ya hizo, 140,000 ziliingia kwenye simu. Sasa angalieni siku yake inavyokwenda. Mzigo wake unatoka Kariakoo na Tandika. Anayemuuzia sembe kwa jumla anataka taslimu. Bodaboda anayembebea mfuko anataka taslimu. Mama anayemletea maandazi ya kuuza asubuhi anataka taslimu, naye ana haki, maana ngano anainunua kwa taslimu. Kwa hiyo kila jioni kaka huyu anakwenda kwa wakala kuzitoa zile pesa ili kesho duka lifunguke. Wakala wa kwanza hana pesa ya kutosha, anampa nusu. Anakwenda kwa wa pili. Ametoa mara mbili, amekatwa mara mbili. Alituambia kwenye kilo ya sukari anabakiwa na shilingi 150, ikizidi sana 200. Hesabu ni rahisi: makato ya jioni moja yanakula faida ya sukari yote aliyoipima tangu asubuhi.

Huyo ndiye mtu tunayeambiwa tumsusie.

Lakini wanachama, hatukwenda pale kumfanya malaika. Tulimuuliza swali moja, na hakuwa na jibu. Kaka, unatoa pesa mara mbili kwa siku. Mbona ya kutolea unamtoza kila mteja? Wateja 20 wakikuongezea 500 kila mmoja, hiyo ni 10,000. Wewe hukutoa mara 20. Na kuna pesa nyingine hukuzitoa kabisa: umenunua umeme wa LUKU kwa simu hiyo hiyo, umenunua vocha, umemtumia mama yako nyumbani. Ya kutolea ya pesa ambayo haikutoka, imekwenda wapi? Akacheka, akasema, "Mwenezi, biashara ngumu." Ni kweli ni ngumu. Ila ugumu wake hauwezi kugawiwa kwa wateja mara mbili au mara tatu halafu ukaitwa makato. Hilo tulimwambia usoni pake, na leo tunaliandika hapa ili wenye maduka wengine walisome.

Tulimuuliza pia kwa nini wateja wanatuma kwenye namba yake binafsi wakati ukutani ana stika nne za Lipa Namba, moja imeshafifia hata haisomeki. Akasema yale tunayoyasikia kila duka: Lipa Namba nayo ina makato yake, na TRA watamuona. Hofu ya TRA tunaielewa, hakuna haja ya kujifanya hatuijui. Lakini namba binafsi nayo inaacha kumbukumbu zile zile kwenye mtandao ule ule. Tofauti ni kwamba humo mauzo yamechanganyika na ada ya mtoto, rambirambi na pesa ya kikoba. Siku ukiulizwa, utaanza kueleza kila muamala mmoja mmoja. Mwenye Lipa Namba ana daftari linalojiandika lenyewe. Zaidi ya hapo, mteja anayetuma kwenye namba binafsi analipa makato ya kutuma kwa mtu, halafu anaombwa na ya kutolea. Bibi angekatwa kwenda na kurudi kwa nusu kilo ya sukari.

Sasa tuje kwenye mzizi, ambao ule ujumbe wa sauti umeuruka.

Tukumbushane. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ilianza kukatwa kwenye miamala ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni yenyewe. Watu walipiga kelele, na Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000, lakini tozo ikapelekwa na benki. Kelele zikarudi, Oktoba 2022 ikapunguzwa tena. Mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Ya kutoa ikabaki.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Ya kutoa ikabaki. Ndiyo maana dukani husikii "weka na ya kutumia", unasikia "weka na ya kutolea". Maneno ya muuza duka yanatuonyesha mahali penyewe panapouma. Na mwaka 2021 nani alisusia mawakala? Hakuna. Tuliwaona wakikaa kutwa chini ya miamvuli yao bila wateja, tukajua nao wameumizwa. Sauti zilielekezwa kwa waliopanga tozo, na tozo ikashuka mara tatu. Leo tatizo ni lile lile lililobaki, tunataka kuligeuza kuwa ugomvi wa jirani na jirani. Anayefaidika na ugomvi huo ni yule ambaye hayupo kwenye grupu letu.

Kuna jingine ambalo wachache wamelitazama. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 imeleta VAT ya asilimia 16 badala ya 18 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa njia ya kielektroniki. Nia inaeleweka: watu waache kutembea na noti, risiti zitoke, kodi ionekane. Hatuipingi nia hiyo. Lakini punguzo linapita kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT, na kusajiliwa ni lazima kwa mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Fremu gani mtaani kwetu ina mauzo hayo? Kwa hiyo anayegusisha kadi au simu yake kwenye mashine ya supermaketi anapunguziwa, na bibi anayebonyeza simu ya batani kwa Mangi anaongezewa. Wote wawili wamelipa bila kutoa noti. Mmoja anapewa zawadi, mwingine anatozwa faini.

Wapo watakaosema teknolojia bado, tusubiri. Haiko mbali. Benki Kuu imeshajenga mfumo wa TIPS unaounganisha mitandao ya simu na mabenki, pesa ikatoka huku na kuingia kule papo hapo. Ipo na TANQR, alama moja ya kuskani iliyokusudiwa kusomwa na mitandao yote, ili ukutani kuwe na stika moja badala ya nne. Njia ya pesa kutoka kwa bibi hadi kwa muuza sembe wa jumla ipo tayari. Kinachokosekana ni hatua ya mwisho. Siku muuza jumla atakapopokea kwa simu, kaka wa dukani hatakuwa na sababu ya kumkimbilia wakala saa mbili usiku. Pesa ya bibi itapita dukani, ifike kwa muuza jumla, bila mtu yeyote kuitoa. Na pasipo kutoa, hakuna ya kutolea.

Hapo ndipo chama kinapaswa kusukuma. Vizimba na fremu za masoko vingi viko chini ya halmashauri. Halmashauri hiyo hiyo ina utaratibu wake wa kukusanya ushuru. Ina mashine na ina namba za malipo. Kama imeweza kujiwekea utaratibu huo, inaweza kuweka sharti kwamba mwenye eneo la jumla ndani ya soko lake apokee malipo ya simu kutoka kwa wauza rejareja. Diwani wetu tumemwandikia barua jana, nakala ipo ofisini, kila mwanachama anaruhusiwa kuisoma. Kwa mbunge tumeomba jambo moja tu: pesa inayotolewa kutoka Lipa Namba ya mfanyabiashara mdogo isikatwe tozo. Hatukuomba mambo kumi. Ukiomba kumi unajibiwa lile lililo rahisi.

Na kwa wale wanaokwenda upande wa pili kabisa, waliosimama kwenye mkutano wa mtaa wakapendekeza sokoni kwetu pesa taslimu ipigwe marufuku ili "tuwe wa kisasa": hapana. Noti na sarafu za Benki Kuu ni malipo halali katika nchi hii. Mtandao ukikatika mchana, watu wasilale njaa. Wapo wazee ambao namba ya siri anaijua mjukuu, na tunajua baadhi ya wajukuu. Wapo vibarua wanaolipwa mkononi jioni na kununua chakula jioni hiyo hiyo. Simu iwe mlango wa nyongeza dukani, mlango wa zamani usipigwe misumari.

Wenye maduka, na nyinyi tunawaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wenu. Wekeni Lipa Namba moja inayosomeka, jina la duka lionekane mteja anapolipa. Kila asubuhi kagueni stika zenu, maana matapeli hubandika yao juu ya yako na ukauza kutwa ukimjazia mtu mwingine. Msikabidhi mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Angalieni salio lenu. Na kama ni lazima muongeze kitu kwa anayelipa kwa simu, andikeni bei hiyo mahali panapoonekana kabla mtu hajapimiwa. Bibi aliaibika kwa sababu aliambiwa baada ya sukari kufungwa.

Sasa la kwetu wenyewe, kwa sababu mtatuuliza. Ni kweli, michango ya tawi hili kwa muda mrefu imekuwa ikitumwa kwenye namba binafsi ya kiongozi, na ni kweli tumekuwa tukiwaandikia "tuma na ya kutolea". Tumefanya lile lile tunalomkosoa muuza duka. Kamati imekaa Jumatano, imeamua utaratibu huo ukome. Namba ya malipo kwa jina la tawi imeshaombwa. Mpaka itakapotoka, michango itapokelewa ofisini mkononi kwa stakabadhi, na mtunza hazina atabandika mapato na matumizi ubaoni kila mwisho wa mwezi. Waliowahi kutuma na ya kutolea mwaka huu na wakahitaji maelezo, daftari lipo, waje.

Ile orodha ya maduka matano ifutwe kwenye magrupu yote ya chama kuanzia leo usiku. Atakayeendelea kuisambaza kwa jina la tawi ataitwa kwenye kikao.

Kikao cha pamoja cha wanachama, wenye maduka na mawakala kitafanyika Jumamosi, saa 10 jioni, kwenye uwanja wa ofisi ya tawi. Kaka mwenye duka amekubali kuja na daftari lake. Bibi naye amealikwa, atakalishwa mbele. Wenye maduka, njooni na madaftari yenu ya wiki hii yakionyesha mmeingiza kiasi gani kwa simu, mmetoa mara ngapi na mmekatwa kiasi gani. Karatasi hizo ndizo tutakazoambatanisha kwenye barua ya mbunge.

Viti ni vichache, mwenye mkeka aje nao.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*