Umeanguka na bodaboda, husikii maumivu? Usifurahi haraka

Anayeijua Tunduma anaijua foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na anajua bodaboda zinavyopenya katikati yake. Zikigongana, abiria huinuka, hujikung'uta vumbi, husema "niko salama" na kuuliza simu yake iko wapi. Watu humshukuru Mungu, kisha kila mtu na safari yake.

Neno hilo likisemwa dakika tano baada ya ajali, mimi siliamini. Si kwamba anadanganya. Ni kweli hasikii maumivu.

Mwili una dawa yake wenyewe. Ukipatwa na hatari, ubongo hutoa kemikali ziitwazo endofini, zinazofanya kazi kama mofini tunayotumia hospitalini, na hutuma amri kwenye uti wa mgongo kuzuia taarifa za maumivu zisipande. David Livingstone, yule aliyefia hapo jirani Zambia mwaka 1873, alikamatwa na simba mwaka 1844 kusini mwa Afrika akavunjwa mfupa wa mkono. Aliandika baadaye kwamba simba alipomtikisa hakusikia maumivu wala hofu.

Ni neema hiyo, maana bila yake usingeweza kutambaa kutoka chini ya gari. Lakini dawa hiyo huisha, tena haizibi mshipa wala haiungi bandama iliyopasuka. Damu inaweza kuendelea kuvujia tumboni wewe uko nyumbani unakunywa chai na kuwasimulia watoto.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usipime jeraha kwa maumivu. Kama usukani wa pikipiki ulikupiga tumboni au kichwa kiligonga lami, nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Kizunguzungu, kiu isiyoisha, jasho la baridi, tumbo kukaza, kutapika au usingizi usio wa kawaida, hapo usisubiri asubuhi. Na bega la kushoto likiuma ilhali halikugongwa, usilichue. Huenda ni bandama inayolalamika.

Nanyi mnaokimbilia majeruhi, acheni ile "simama tuone". Kutembea si kipimo, na shingo iliyovunjika haihitaji mashujaa wa kuiinua.

Dereva akikupa elfu kumi "ya soda" mmalizane palepale, mwambie kwanza akupeleke hospitali. Ya soda mtaongea mkitoka.