Usione Vyaelea, Vimeundwa: Funzo la Udenguzi Kutoka kwa Koti

Neno udenguzi limekuwa kama chumvi katika semina zetu za fasihi: kila mpishi hulitia, aghalabu bila kuonja. Mwanafunzi akikumbana na riwaya isiyo na mtiririko, husema mwandishi amedengua. Akiandika mwenyewe kazi isiyo na mpango, hujitetea vivyo hivyo. Makala haya yanashikilia kwamba si kila kilichovunjika kimedenguliwa. Ushahidi nautoa mahali ambapo huenda wengi wasipatarajie: katika koti.

Mnamo mwaka 1981, wabunifu wawili wa mavazi kutoka Japani, Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto, walionyesha kazi zao mjini Paris kwa mara ya kwanza. Kawakubo alikuwa ameanzisha nembo ya Comme des Garçons mwaka 1969. Yamamoto, mwana wa mshonaji, alisomea sheria kabla ya kuingia katika fani ya mamaye. Mavazi yao yalikuwa meusi, mapana, yenye pindo zisizolingana na kingo zilizoachwa bila kukunjwa. Mwaka 1982 Kawakubo alitoa sweta zilizojaa matundu. Baadhi ya wahakiki waliziona kazi hizo kuwa matambara. Wengine hata wakazihusisha na maangamizi ya Hiroshima. Hao walihukumu atokako mshonaji, wakasahau kuutazama mshono.

Laiti wangeutazama! Kawakubo ameeleza kwamba, kwa kuchoshwa na vitambaa visivyo na dosari, walilegeza skrubu za mashine hapa na pale ili zisifanye kazi barabara. Matundu yale, kwake, yalikuwa namna nyingine ya lesi. Je, asiyeijua mashine angejua skrubu ipi ya kulegeza?

Sasa tulitazame koti lenyewe. Koti la suti huficha siri yake: mabega yake yamejengwa kwa pedi, kifua kwa kitambaa kigumu cha ndani, kisha bitana ikafunika yote. Koti lililodenguliwa huitoa siri hiyo nje. Bitana huwa juu, mishono huonekana, nyuzi za bandi ambazo fundi huziondoa mwishoni huachwa zibaki. Mbelgiji Martin Margiela, aliyefanya onyesho lake la kwanza mwaka 1988, aliiendeleza kazi hiyo. Koti kama hilo humfunza mvaaji jinsi makoti yote yanavyoundwa, na bado hukaa begani. Likianguka, fundi ameshindwa.

Kuna watakaopinga kwamba tundu ni tundu, na kwamba nguo iliyoraruka ya maskini haijawahi kuitwa sanaa. Hoja hiyo ina uzito. Bei kubwa ya makoti haya haiwezi kuwa kipimo cha thamani yake ya kisanaa. Hata hivyo, hoja hiyo yenyewe inatulazimu kutafuta kipimo kingine, nacho ni hiki: pengo hili linatufichulia nini kuhusu muundo?

Kipimo hicho kinatufaa sisi wanafasihi. Jacques Derrida, ambaye kitabu chake kuhusu sarufi-maandishi kilitoka mwaka 1967, alikuwa msomaji makini mno wa matini alizozidengua. Nasi tunakumbuka jinsi Euphrase Kezilahabi alivyopingwa baada ya Kichomi kuchapishwa mwaka 1974. Wapo waliomhukumu kwa kukosa vina, kama wahakiki wa Paris walivyohukumu kwa kukosa pindo, bila kuuliza ukosefu huo ulikuwa na kazi gani.

Basi, wahadhiri wetu wasiharakishe kuita kila pengo ujinga, nasi wanafunzi tusiharakishe kuita kila ujinga udenguzi. Atakaye kuvunja arudhi na aijue mizani kwanza. Atakaye kuvuruga msuko wa hadithi na aweze kuusuka. Kufumua ni kazi ya ajuaye kushona.