Acheni Kutuuzia Nusu za Ubongo

Pita Ruaka, Syokimau ama Kitengela uhesabu mabango. Kila ukuta wa pili una nasari, na kila nasari siku hizi inakuza "ubongo mzima". Kuna bango moja limechora ubongo uliopasuliwa katikati kama papai. Upande wa kushoto umejaa namba na herufi za kijivu, upande wa kulia umejaa rangi, gitaa na vipepeo. Chini yake karo ya muhula. Chini ya karo, nambari ya Paybill.

Mchoro huo ni uongo. Na ni uongo unaolipiwa, tena na watu ambao hawana pesa za kuchezea.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Mtoto wa miaka minne anahitaji kulelewa mzima: mikono, ulimi, tumbo, hasira, miguu, yote. Ugomvi wangu ni na wale waliochukua wazo hilo, wakalipasua vipande viwili, halafu wakaturudishia kama pakeji. Eti asubuhi tunashughulikia upande wa kushoto, alasiri wa kulia, na ukiongeza elfu kadhaa kuna abakasi siku ya Jumamosi.

Hadithi ya nusu mbili haikutoka hewani. Roger Sperry, mtafiti wa Marekani, alichunguza wagonjwa wa kifafa ambao madaktari walikuwa wamewakata lile daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo, ili dhoruba ya kifafa isivuke. Akaonyesha kwamba kila upande ukiachwa peke yake una kazi zake, na mwaka 1981 akapewa Tuzo ya Nobel. Kazi safi. Lakini hao ni watu ambao daraja lao lilikuwa limekatwa! Wewe, mimi na mtoto wako, letu liko. Lina nyuzi kama milioni 200 na halilali. Ni kweli kwamba kwa watu wengi lugha huegemea kushoto. Hiyo haimaanishi kuna mtoto wa kushoto na mtoto wa kulia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, kuanzia umri wa miaka saba. Walitafuta watu wanaotumia upande mmoja zaidi ya mwingine. Hawakuwapata.

Biashara hii si mpya na hatukuivumbua sisi. Mwaka 1993 wanafunzi wa chuo huko Marekani walisikiliza Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye mtihani wa kukunja karatasi akilini, na faida yenyewe ikapotea baada ya kama robo saa. Wanafunzi wa chuo, si watoto wachanga. Kufikia 1998 gavana wa Georgia, Zell Miller, alikuwa anataka kila mtoto anayezaliwa katika jimbo lake apewe muziki wa aina hiyo nyumbani. Mwaka 2009 kampuni ya Disney ilijitolea kuwarudishia wazazi pesa walizotumia kununua video za Baby Einstein. Huko wazazi walirudishiwa. Hapa kwetu nani amewahi kurudishiwa karo?

Basi tuseme bango ni porojo tu za soko, tupite. Hapana, hatupiti, kwa sababu nyuma ya bango kuna mtoto anayelipia kwa njia nyingine.

Mtoto wa dadangu alipelekwa intaviu ya kuingia PP1. Intaviu, nasema. Ana miaka minne. Mwalimu akamwonyesha kadi yenye pembetatu, akamuuliza kwa Kiingereza ni nini. Mtoto akaangalia, akafikiri, akajibu: "Mandazi." Akawekewa mkasi. Dadangu alirudi nyumbani amekunja uso, anauliza kama ni mapema kutafuta mwalimu wa tuisheni. Nikamwambia, "Sista, huyo mtoto amefanya jiometri." Hakucheka. Alikuwa ameshalipia fomu.

Hebu fikiria kile jibu hilo linahitaji. Mtoto ameona umbo tupu kwenye karatasi. Ameenda kwenye kumbukumbu, akatafuta kitu chenye pembe tatu, akakipata kwenye sinia la mama wa kona, akakitoa na jina lake. Macho, kumbukumbu, ulimi na tumbo vimefanya kazi pamoja kwa sekunde mbili. Kama kuna kitu kinaitwa ubongo mzima, ni hicho. Na shule iliyoandika maneno hayo ukutani ndiyo ilimkata alama.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazuia shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama ataingia ama hataingia. Shule za binafsi zimejificha nyuma ya neno "umma" na zinaendelea. Mtaala nao uko wazi. Tangu mtaala wa umilisi uanze nchi nzima mwaka 2019, watoto wa chekechea wanastahili shughuli za lugha, hisabati, mazingira, dini, na zile za mwili na ubunifu. Lugha ya kufundishia mpaka Gredi ya 3 ni ile ya eneo la mtoto. Nairobi, kwa wengi wetu, hiyo ni Kiswahili. Lakini ingia nasari nyingi za jijini uone mtoto anayeomba kwenda choo kwa Kiswahili anavyotazamwa. Waliosoma miaka ya nyuma wanakumbuka monto, ule ubao uliotundikwa shingoni mwa aliyeteleza akaongea lugha ya nyumbani. Ubao umetoka. Aibu imebaki. Unamfunga mtoto mdomo saa nne kila siku, halafu jioni unampelekea mzazi ujumbe wa WhatsApp kwamba tunajenga ujasiri wa kujieleza. Ujasiri gani?

Sasa nije kwa kile ninachokipenda. Wale mliokulia mtaani mnakumbuka Nyama Nyama Nyama. Mnasimama duara. Mmoja anaita: nyama nyama nyama! Mnajibu nyama! Anaita ng'ombe, mnaruka, nyama! Mbuzi, nyama! Kuku, nyama! Halafu, bila kubadilisha sauti: simba. Aliyeruka ametoka.

Kwenye maabara za saikolojia kuna kipimo kinachofanana na hicho. Mtoto anabonyeza kitufe kila anapoona picha fulani, na anajizuia anapoona nyingine. Kinapima uwezo wa kusimamisha mwili ambao tayari umeshaanza kwenda. Uwezo huo, pamoja na kushika jambo akilini na kubadilisha mwelekeo kanuni inapobadilika, ndio unaomsaidia mtoto kukaa darasani, kungoja zamu, na kutompiga mwenzake anayemnyang'anya krayoni. Watu wanaulipia kwa dola. Sisi tuliufanyia mazoezi kwenye ploti, miguu pekupeku, bure, tukiwa tumejaa vumbi. Kati inakufundisha kukadiria kasi ya mpira huku unaangalia watu wawili. Kalongolongo, ile ya kupika udongo na kuigiza baba na mama, ni saa nzima ya kupanga, kubishana na kujifanya mtu mwingine. Kitendawili kinamtaka mtoto aone yai ndani ya nyumba isiyo na mlango. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachouliza uko upande gani wa ubongo.

Na bado ukipita kwenye nasari nyingi saa nne asubuhi utakuta watoto 40 wamekaa wima kwenye madawati, wanajaza kitabu cha kazi, herufi "a" mara 30. Uwanja umekuwa mahali pa kuegesha basi la shule.

Najua mtu atasema: rahisi kwako kuongea, wewe huna mtoto, tena uliacha chuo. Niliacha, mwaka wa pili, na ninaandika kwa malipo ya neno kwa neno. Lakini hoja ya mzazi naielewa vizuri kuliko wenye mabango. Mzazi si mjinga. Anaogopa. Ameona vile nchi hii inavyopanga watu kwenye foleni tangu utotoni, na anataka mtoto wake awe mbele hata kama hajui foleni inaenda wapi. Kitabu kilichojaa herufi ni risiti. Anaweza kukishika. Mchezo hauna risiti.

Wengine wanasema kucheza ni anasa ya matajiri. Hiyo imegeuzwa kichwa chini. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Leo jina lake Nairobi ni la mageti yenye askari. Tena kuna Jamaica, mfano ambao ningetamani uandikwe kwenye hayo mabango. Miaka ya 1986 na 1987 watafiti jijini Kingston walichukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Kundi moja lilitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili. Wahudumu waliwaonyesha akina mama jinsi ya kucheza na kuongea na watoto, kwa vichezeo vya kutengeneza nyumbani. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wanapata mapato ya juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Hapakuwa na abakasi wala bango. Kulikuwa na mtu mzima aliyekaa chini, akamsikiliza mtoto na kumjibu.

Baadhi ya watoto wa Kingston walipewa maziwa tu, bila mchezo. Yaliwasaidia mwanzoni, lakini kwenye mapato ya utu uzima alama yake haikuonekana. Chakula peke yake hakitoshi. Bila chakula, hata hivyo, hakuna pa kuanzia. Utafiti wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mtoto akifika kama miaka mitano, ubongo wake unakula karibu theluthi mbili ya nguvu ambayo mwili wote unatumia ukiwa umetulia. Theluthi mbili! Sasa mpeleke shuleni na chai ya rangi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata asilimia 18 ya watoto wa Kenya chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni afadhali kuliko asilimia 26 ya mwaka 2014, na bado ni karibu mmoja kwa kila watano. Kikombe cha uji wenye maziwa saa nne ni somo la ubongo kuliko kadi zote za plastiki za Ruaka.

Nairobi ilianza Dishi na County mwaka 2023, sahani kwa shilingi tano. Hiyo naisifu bila kusita. Lakini ni ya shule za umma, na watoto wengi wa Mukuru na Kibera wako kwenye vishule vya mabati vya binafsi kwa sababu shule ya umma iko mbali ama imejaa. Hao nao wana ubongo.

Na kuna Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi kwenye hewa na maji ya watu. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Ukitaka kuongea nami kuhusu ubongo mzima wa mtoto wa Kenya, anzia hapo. Tuambie mtoto wa Owino Uhuru alipaswa kuchangamsha upande gani.

Kwa hivyo pesa zinastahili kwenda wapi? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti. Vituo vya kulelea pia, hata kile chumba kimoja mtaani ambapo watoto kumi na kitu wanalala sakafuni mama zao wakiwa kibaruani. Mwalimu wa chekechea anaajiriwa na kaunti, mara nyingi kwa mkataba wa muda na mshahara wa kudhalilisha, halafu tunamtarajia acheze na watoto 40 kwa furaha. Mlipeni. Mpeni msaidizi. Futeni intaviu hata kwenye shule za binafsi. Rudisheni uwanja, basi liegeshwe kwingine.

Na wewe msomaji, kama una mtoto ama unamlipia wa ndugu yako, ukienda kuangalia nasari usiulize mtaala wao ni wa nchi gani. Uliza watoto wanakaa nje dakika ngapi, wanakula nini saa nne, na mwalimu anawajibu kwa lugha gani wakimuita. Kama hauna mtoto, kuna kazi nyingine. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla yapitishwe lazima wananchi wasikilizwe. Kikao chenyewe hutangazwa kwa tangazo dogo la gazeti ambalo hakuna mtu husoma. Litafute, enda, inua mkono, uliza pesa za chekechea ziko ukurasa gani.