Wastani wa Shule Yako Hauniambii Kitu

Matokeo ya KCSE yakitoka mnajua vile huwa. Basi la shule linapita mtaani likipiga honi, mwalimu mkuu anabebwa juu juu, na wiki inayofuata kuna bango kwa geti: wastani wetu ni huu, lete mtoto. Mzazi ambaye anatafuta karo kwa mkopo wa simu anasoma hilo bango, analinganisha na la shule jirani, na hapo hapo anaamua mtoto wake ataishi wapi miaka yote ya sekondari.

Mimi nasema bango lenye wastani peke yake ni uongo, hata kama kila tarakimu iliyo juu yake ni ya kweli. Na dawa ya huo uongo iko karibu miaka mia moja sasa. Inaitwa ANOVA, yaani uchanganuzi wa variansi. Inafundishwa vyuoni kwa kozi kibao, biashara, kilimo, saikolojia, na bado watu wanamaliza digrii wakiwa hawajui ni ya nini.

Hiyo nayo najua kwa sababu nilikaa kwa hilo darasa kabla niache chuo. Tulichorewa jedwali ubaoni, tukapewa fomula, tukaambiwa tujaze nafasi. Jumla ya miraba hapa, gawanya pale, angalia nyuma ya kitabu kama namba imepita. Darasa lote likakariri. Hakuna siku tuliambiwa hilo jedwali linauliza swali gani, na manze, swali lenyewe ni rahisi hadi unaweza kumuuliza shosho yako.

Tuchukue vituo vitatu vya tuisheni, kila kimoja na wanafunzi watano. Hizi namba nimezitunga ili hesabu isisumbue. Kituo A wastani ni 50, B ni 55, C ni 60. Ukiona tu hizo tatu utasema C ni moto, peleka mtoto C. Ngoja kwanza tufungue ndani.

Hali ya kwanza: A walipata 48, 49, 50, 51, 52. B walipata 53, 54, 55, 56, 57. C walipata 58, 59, 60, 61, 62. Hapa hata mwanafunzi wa mwisho wa C amemshinda wa kwanza wa B. Hakuna ubishi, kuna kitu kinatofautisha hawa watu.

Hali ya pili: A walipata 20, 35, 50, 65, 80. B walipata 25, 40, 55, 70, 85. C walipata 30, 45, 60, 75, 90. Piga hesabu mwenyewe kwa simu, wastani ni zile zile: 50, 55, 60. Bango ni lile lile. Lakini sasa C ina mtu wa 30 na A ina mtu wa 80. Ukichukua mtoto mmoja bila kumjua na kumweka C, umemnunulia nini hasa?

Swali la ANOVA ni hilo tu. Umbali kati ya vikundi ni mkubwa kiasi gani ukiulinganisha na fujo iliyo ndani ya vikundi? Kwa umbali, unaangalia kila wastani uko mbali kiasi gani na wastani wa wote, ambao hapa ni 55. Unazidisha hiyo tofauti kwa yenyewe, unahesabu kwa kila mwanafunzi na kujumlisha: inatoka 250. Unagawanya kwa 2, yaani vikundi vitatu ukitoa kimoja, unapata 125. Kwa fujo, unaangalia kila mwanafunzi yuko mbali kiasi gani na wastani wa kituo chake mwenyewe, unafanya vile vile, halafu unagawanya kwa 12, yaani watu 15 ukitoa vikundi 3. Hali ya kwanza fujo ni 2.5. Hali ya pili ni 562.5.

Sasa gawanya umbali kwa fujo. Hali ya kwanza unapata 50. Hali ya pili unapata 0.22. Hiyo namba ndiyo inaitwa F. Kwa vikundi vitatu vya watu watano watano, F ikipita kama 3.89, wanatakwimu wanasema bahati peke yake ingeleta namba kubwa hivyo chini ya mara 5 kwa 100. Kwa hivyo 50 ni kelele hadi mtaa wa pili, na 0.22 ni kimya kabisa. Wastani zile zile! Bango moja!

Aliyeanzisha hii kitu ni Ronald Fisher, Mwingereza, aliyeenda kufanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted mwaka 1919. Hapo palikuwa na rekodi za majaribio ya mbolea tangu 1843, rundo la namba, na shida moja ambayo mkulima yeyote wa Kinangop anaijua: vipande viwili vya shamba moja, mbegu moja, mbolea moja, havitoi mavuno sawa. Udongo hapa una maji zaidi, pale kuna kivuli. Sasa ukiona kipande chenye mbolea kimezaa zaidi, utajuaje ni mbolea na si shamba tu kuwa shamba? Mwaka 1923 yeye na Winifred Mackenzie wakachapisha kazi juu ya aina 12 za viazi na mbolea mbalimbali, na hapo ndipo hesabu hii ikaonekana ikitumika kwa mavuno. Mwaka 1925 akaitia kwa kitabu cha watafiti, ikaenea. Ile herufi F aliiweka Mmarekani George Snedecor baadaye, kwa heshima ya jina Fisher.

(Fisher huyo huyo aliamini mambo mabaya sana kuhusu nani anafaa kuzaa na nani hafai. Chuo alichosomea kule Cambridge kiliondoa dirisha lake la ukumbusho mwaka 2020. Hesabu yake nachukua, hayo mengine abaki nayo.)

Lakini kitu kikubwa Fisher alifanya shambani, na ambacho bango la shule haliwezi kufanya, ni kupiga kura. Alisema mbolea igawiwe vipande kwa bahati nasibu, usichague kipande kizuri ukipe mbolea unayoipenda. Sasa angalia shule zetu. Shule kubwa za kitaifa kwa miaka mingi zilichukua waliopasua KCPE. Unachagua udongo mweusi wenye rutuba, unapanda, unavuna, halafu unaweka bango ukisema mbolea yako ni kali. Hata F ikiwa 500 hapo haikuambii mwalimu alifanya kitu. Inakuambia tu hao watoto ni tofauti na wale, na walikuwa tofauti wakipita getini siku ya kwanza. Kuna mwalimu wa shule ya kutwa huko ndani ndani anatoa mtoto kwa D hadi C+ na hakuna basi linampigia honi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Lakini hao ni wanafunzi wote wa shule, si sampuli, wastani ni wastani." Buda, ni kweli, kama unachouliza ni mwaka jana tu. Lakini mzazi hanunui mwaka jana. Ananunua miaka inayokuja, na watoto ambao hawajafanya mtihani bado. Hapo hilo darasa la mwaka jana ni sampuli, upende usipende, na kundi dogo lenye fujo kubwa ndani litapanda na kushuka kila mwaka bila mwalimu yeyote kubadilika. Ndiyo sababu ukisikia shule "imeshika mkia" mwaka huu na mwaka ujao "imefufuka", usikimbilie kumsifu mwalimu mkuu mpya.

Halafu kuna hii tabia ya kulinganisha kila mtu na kila mtu. Kaunti hii imeipita ile, ile imepitwa na hii. Tuna kaunti 47. Ukizipanga mbili mbili unapata jozi 1,081. Tuseme kaunti zote ziko sawa kabisa, na wewe unapima kila jozi kwa kile kipimo cha 5 kwa 100. Bado utapata kama jozi 54 ambazo zinaonekana tofauti, na zote ni hewa. Vichwa vya habari 54 kutoka kwa hewa! ANOVA inauliza mara moja tu: kuna tofauti yoyote hapa? Ikisema hapana, unarudi nyumbani. Ikisema ndiyo, bado haijakuambia ni nani anatofautiana na nani, na hapo kuna vipimo vingine vya kufuatia, kama kile cha Tukey, ambavyo vinahesabia hizo jozi zote ndani yake.

Si ati ANOVA ni muujiza. Inataka mmoja asimwathiri mwingine, na darasa ambalo watu wanaibiana majibu limeshaivunja hiyo. Inataka fujo ndani ya vikundi isitofautiane sana. Kikundi kimoja kikiwa kimetulia na kingine ni soko, F inaweza kukudanganya. Sawa. Hata hivyo iko mbele sana ya bango.

Serikali iliona hii vita ya wastani, na mwaka 2014 ikapiga marufuku kuorodhesha shule. Shule zikaendelea kujitangaza tu. Mimi hiyo marufuku sikuipenda, kwa sababu ilificha namba badala ya kuongeza zile zilizokosekana. Ningetaka sheria ya aina nyingine: ukiweka wastani kwa bango, weka na idadi ya kila gredi, A hadi E, ya miaka mitano. Weka na alama walizoingia nazo. Na uweke pia wangapi walianza kidato cha kwanza na wangapi walifika chumba cha mtihani, kwa sababu kuna shule zinapandisha wastani kwa kumwambia mtoto dhaifu "tafuta kwingine" akiwa kidato cha tatu. Huyo mtoto hayuko kwa hesabu yoyote.

Kwa sasa, wasee, tufanye hivi. Ukipita kwa geti lenye bango, piga picha. Kama shule imeandika idadi ya kila gredi, nitumie inboksi pamoja na ya shule jirani. A ni pointi 12, E ni 1, hizo zinatosha kupata fujo ya ndani. Nitazipigia hesabu moja moja na kuweka F hapa, na jina la shule nitalifunika. Kama bango lina wastani tu, nitumie pia. Hizo nitaziweka peke yake.