Pale Karo Inakutana na Mbao



Sote tunajua ya kama sale kubwa imepata sakafu mpya ya mbao, na koridori imepata karo. Kazi ni nzuri, hakuna wa kukataa. Lakini mlangoni, pale karo inakutana na mbao, kuko tundu refu la upana wa kidole, na karo iko juu ya mbao sentimita 1. Wengi wanasema kama fundi alikosea, tujaze simenti na mambo yaishe. Mimi nakataa.

Tundu lile ni la lazima. Mbao haikai namna moja: wakati wa mvua inakunywa unyevu na kupanuka, wakati wa kiangazi inakauka na kurudi. Ukiifungia na simenti itakosa pa kwenda. Itainuka katikati, ama simenti yenyewe itapasuka. Kinachokosekana pale ni ukanda wa kufunika.

Na si kila ukanda. Ule wa aluminyumu ulio bapa, ni wa sakafu mbili zilizo sawasawa. Kwetu utacheza-cheza kama meza ya miguu isiyo sawa. Wa chuma cha kawaida utashika kutu, maana kila siku ya salongo tunamwaga maji (na maji yale yanaingia wapi? Ndani ya tundu, chini ya mbao, kuzioza polepole). Kwetu inafaa ukanda wa mteremko, wa mbao ngumu kama mvule, upana wa sentimita 8: upande mnene ufikie usawa wa karo, upande mwembamba ulale juu ya mbao. Visi zipite ndani ya tundu mpaka kwenye simenti ya chini. Zisishike mbao hata moja, juu mbao lazima iteleze chini ya ukanda. Mlango unafungukia koridori, basi hautakwaruza kitu.

Mtu ataniuliza: sentimita 1 ni kitu gani? Kwa mwenye miguu mizima, ni kujikwaa na kucheka. Lakini tuko na mwenzetu anayetembea na mikongojo. Ncha ya mkongojo inaingia mule kabisa. Sasa kila asubuhi anasimama pale mlangoni, anangoja mtu amushike mkono, na sisi wengine tunapita mbio juu ya kengele.

Nimesikia feza iliyobaki itanunua rangi ya ukuta wa mbele. Rangi ni nzuri, wageni wataiona. Mimi nasema ukanda kwanza. Kipande cha mvule kiko tayari nyuma ya atelye, kinangoja randa tu, na visi sita zinatosha kwa mlango ule. Wanafunzi wa ujenzi tunaweza kuimaliza mchana mmoja kama Bwana Prefe ataturuhusu.

Mwanafunzi wa 5 Ujenzi