Mwenye kifafa ashike usukani lini?

IKIWA una kifafa na una leseni ya kuendesha gari, swali hili lakuhusu wewe kwanza, kisha lawahusu wote wanaotumia barabara moja nawe.

Yafaa ieleweke kwamba kifafa si laana wala majini, na hakiambukizwi kwa kugusa povu la mgonjwa. Ni hitilafu katika mikondo ya umeme ya ubongo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lasema watu wapatao milioni 50 duniani wana ugonjwa huu, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao waweza kuishi bila kushikwa iwapo watapata matibabu yafaayo. Kwa hivyo, kumpiga marufuku kila mwenye kifafa asiendeshe gari maisha yake yote si haki.

Lakini haki hiyo ina masharti yake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Kuna kifafa ambacho humfanya mtu akodoe macho tu kwa muda mfupi bila kuanguka. Akikodoa kwa sekunde 10, gari limekwenda zaidi ya mita 200 bila dereva. Fikiria mita hizo zikiwa mbele ya lango la shule.

Je, ungoje muda gani? Nchini Uingereza, mwenye gari la kibinafsi kwa kawaida hutakiwa akae miezi 12 bila kushikwa. Dereva wa basi au lori kubwa hutakiwa akae miaka 10, tena bila kutumia dawa za kifafa, kwa kuwa hukaa kwenye usukani saa nyingi na ajali yake huua wengi. Kwa maoni yangu, hata hapa kwetu usijihesabu kuwa salama kabla ya mwaka mmoja kupita na daktari wako kukubali.

Ukishikwa hata mara moja, anza kuhesabu upya. Daktari akikupunguzia au kukubadilishia dawa, pumzisha gari mpaka atakapokuruhusu. Ikiwa umekesha, umekunywa pombe au umeruka dawa, siku hiyo abiri matatu. Na ukiandikiwa dawa za maradhi mengine, kwa mfano kifua kikuu, mwambie daktari kwamba una kifafa, kwani baadhi yazo hupunguza nguvu za dawa zako.

Sheria ya Trafiki ya Kenya humtaka anayeomba leseni atangaze iwapo ana ugonjwa unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma. Hata hivyo, sheria pekee haitoshi. Dereva anayejua kwamba akisema ukweli leo atafutwa kazi kesho, atanyamaza. Ana kodi ya nyumba na karo ya watoto. Atameza dawa kwa siri, na siku zitakapokwisha hataomba ruhusa ya kwenda kliniki asije akagunduliwa. Huyo ndiye wa kuogopwa barabarani, si yule anayetibiwa waziwazi.

Kwa sababu hiyo, nanyi waajiri mna wajibu. Dereva akiwaambia ana kifafa, mpeni kazi nyingine kwa muda, iwe ni bohari, ofisini au kukagua tikiti. Msimfukuze. Mkimfukuza mmoja, mmewafunza wengine wote kuficha.

Nawe msomaji, ikiwa ni mume, mke au ndugu wa mgonjwa, usimkabidhi funguo kwa kumwonea haya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Katika jambo hili, kilio chaweza kuwa cha nyumba ya mtu asiyekujua kabisa.