Feni ya umeme siyo dawa ya kila gari linalochemsha

Nilikuwa nyumbani Sumbawanga kwa wiki mbili, ndiyo maana mlikuwa mnachungulia hapa mnakuta makala ile ile. Nimerudi, na safari hii sina siasa. Nina suala la feni ya rejeta. Msicheke, subirini kwanza.

Jamaa zangu wa Dar wana jibu moja kwa kila jambo la kwetu. Niliwaambia pikapu ya mjomba imechemsha mara tatu kwenye mlima ule ule, wakasema, "Wamelichezea hilo." Jina lenyewe linawasaidia: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Mji umeambiwa utupe uchawi na nchi nzima inaamini haujautupa! Sawa, tumezoea. Ila kuna kitu kimoja kule ambacho kweli kinafanya maji yachemke mapema, nacho kimo kwenye fizikia ya sekondari.

Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Sumbawanga yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo. Mama yeyote wa Ufipa anayepika maharage analijua hili bila kwenda shule, kuni zinamwambia. Na rejeta nayo ni chungu tu.

Sasa mjomba. Ana pikapu ya zamani ya dizeli. Anapita Ntendo, anashuka bonde la Rukwa hadi Muze, anapakia mpunga, anapanda. Ziwa liko kwenye mita 800 na kitu, kwa hiyo kurudi mjini ni kupanda karibu mita 1,000, kwa gia ndogo, mzigo mgongoni, na joto la bonde. Gari likaanza kuchemsha. Fundi akamwambia, "Mzee, hii feni ya kizamani inakula nguvu ya injini. Tutoe, tufunge ya umeme." Mjomba akakubali. Hela ya kufunga, lazima niseme, nilituma mimi kutoka Dar, na sikuuliza swali hata moja.

Ikafungwa feni iliyotoka kwenye gari dogo la saluni. Kava kubwa linaloizunguka feni ya zamani likatupwa kwa sababu "halikai". Waya ukatoka betri ukapita kwenye swichi ndogo chini ya usukani, ukaenda moja kwa moja kwenye feni. Bila rilei, bila fyuzi, bila sensa ya joto. Mjini gari likatulia, mjomba akafurahi. Safari ya kwanza ya Muze, katikati ya mlima, swichi ikayeyuka na feni ikasimama. Hadi harufu inawafikia, gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeshaungua. Gari likakaa juu ya mawe mwezi mzima, na gari ndilo linalosomesha wadogo zangu wawili.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, alianza kwa kuomba kifuniko cha rejeta. Akakigeuza. Mpira wa ndani umepasuka. Akamulika rejeta, matundu ya chini yamezibwa na tope. Basi. Uchawi wenyewe ndio huo.

Kifuniko kile hakipo kuzuia maji yasimwagike tu. Kinatunza presha. Kifuniko kizima chenye kipimo cha 0.9, kwa mwinuko wa Sumbawanga, kinayafanya maji yasichemke mpaka nyuzi 115 hivi. Kikifa, unarudi kwenye 94, na injini nyingi zinafanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Hakuna nafasi iliyobaki. Tena angalia ubaya wa mlima wenyewe: bondeni maji yanachemka kwenye nyuzi 97, juu yanachemka kwenye 94. Yaani kadiri injini inavyozidi kupata moto, ndivyo kiwango cha kuchemka kinavyoshuka kuja kuipokea. Kwa hiyo mpira wa elfu chache una maana kubwa Sumbawanga kuliko Kariakoo.

Sisemi feni ya umeme ni mbaya. Corolla, Vitz na IST zimetoka nayo kiwandani, injini zao zimelala kwa upande na haziwezi kuizungusha kwa belti mbele ya rejeta. Ina faida za kweli. Asubuhi ya Juni Ufipa, baridi inauma, haiwaki mpaka injini ipate joto. Kwenye lami ya Tunduma ukienda kasi, upepo wa safari unatosha, feni inapumzika. Ukivuka mto masika unaweza kuizima, isije ikayapiga maji na kupinda hadi kukwaruza rejeta.

Lakini feni ya injini ina siri yake. Ukipanda kwa gia ndogo, injini inazunguka sana hata kama gari linatambaa, na feni inazunguka nayo. Inapuliza zaidi pale pale unapoihitaji. Ya umeme ina kasi yake ile ile, na kama ni ndogo, mlima hauionei huruma. Halafu hadithi ya "inakula nguvu" ni nusu ukweli. Umeme nao unatoka kwenye alteneta, inayozungushwa na injini hiyo hiyo. Unaokoa kwa sababu feni haiwaki muda wote. Mlimani inawaka muda wote.

Feni moja inaweza kuvuta ampea 20 au zaidi, na wakati wa kuanza inavuta zaidi ya hapo. Kwa swichi ya kuwashia taa ndogo, huo ni moto unaosubiri siku. Anayetaka kubadilisha, abadilishe kamili: feni inayolingana na rejeta, kava lake, rilei, fyuzi karibu na betri, waya mnene, sensa inayoiwasha yenyewe, na alteneta inayoumudu mzigo huo usiku taa zikiwaka. Ukikosa kimoja, baki na ya zamani.

Nani alaumiwe? Fundi wa kwanza alikosea, ndiyo. Ila nimefikiri sana njiani, na naona kosa kubwa ni letu sisi wenye hela. Tunalipia kufunga, hatulipii kupima. Fundi akitumia saa mbili kuangalia kifuniko, belti, themostati, wota pampu na matundu ya rejeta, halafu aseme "badilisha mpira tu", tunamuona kibaka akidai elfu kumi. Akifunga kitu kipya kinachozunguka, tunalipa laki kwa tabasamu. Tumewafundisha wenyewe kutuuzia vitu. Ndiyo maana wengi wanang'oa hata themostati na kuitupa, kwa sababu mteja anataka kuona kimetolewa kitu.

Kwa hiyo wewe uliyeko Dar, Mwanza au London, unayemtumia mzee hela ya gereji: kabla hujabonyeza, piga simu. Muulize fundi amepima nini. Kifuniko amekigeuza? Rejeta ameiosha? Feni ya zamani, injini ikiwa imezimwa na bado ina joto, ukiisukuma kwa mkono inakuwa nzito au inazunguka ovyo ovyo? Ikizunguka ovyo, mafuta ya ndani ya klachi yake yamekwisha, ibadilishwe hiyo. Na mwambie mzee asifungue kifuniko gari likiwa la moto. Maji yale yanaruka na kuunguza uso.

Mjomba amerudishiwa feni yake ya zamani, na kava limepatikana nyuma ya gereji, kuku walikuwa wanalitagia. Ameshapanda ule mlima mara nne. Nilimtumia hela ya kifuniko kipya na ya kumlipa yule mzee kwa kupima kwake. Alishangaa. Alisema ni mara ya kwanza kulipwa kwa kuangalia.